Shangazi Vigae Anaisubiri Mvua

Kitu cha kwanza ambacho mtu huona kwa Shangazi Vigae ni shingo yake. Akiingia mahali popote, iwe ofisini, kwenye duka la dawa au kwenye sebule ya watu waliofiwa, husimama mlangoni, huinua uso, huyazungusha macho pembe zote nne za dari, ndipo huyashusha kwa wenyeji na kuwauliza, "Hamjambo humu?" Waliomzoea humngoja amalize. Wasiomzoea hudhani shingo inamsumbua, na mama mmoja mwenye huruma aliwahi kumpa mafuta ya kuchua.

"Sina ugonjwa, dada," alimjibu, huku akiyatia mafuta mkobani kwa kuwa si mtu wa kukataa zawadi. "Naangalia tu kama mnavujiwa."

Ni fundi wa mapaa. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, pale mjomba wake, fundi aliyekuwa amenenepa kupita kiasi, alipohitaji mtu mwepesi wa kupanda bila kuvunja vigae. Mjomba alibaki chini akielekeza kwa fimbo, mpwa akapanda. Sasa ana miaka hamsini na minane na wepesi umempungua, lakini bado hutembea juu ya vigae kama mtu anayepita chumbani mwa mtoto aliyelala. Watoto wa ndugu zake humwita Shangazi. Mafundi wenzake wakalidaka jina hilo, wakaliongezea vigae, likamganda.

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake kubwa ilikuwa jengo moja: ghala la nafaka lililo kando ya reli, la matofali mekundu, refu kiasi kwamba aliyesimama mlango wa mbele hawezi kumtambua aliye mlango wa nyuma. Lilijengwa kabla mjomba wake hajazaliwa. Paa lake lina vigae elfu arobaini na moja, na hesabu hiyo aliifanya mwenyewe, kiangazi kimoja, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine yeyote. Alichoajiriwa kufanya kilielezwa kwa maneno matatu: tone lisiguse gunia.

Njia yake ya kuyatafuta matone ilikuwa ya masikio. Chini ya kila mahali palipowahi kuvuja aliweka kopo, na hakuna makopo mawili yaliyofanana. La maziwa lililia kwa sauti nyembamba, la rangi kwa sauti nzito, na lile la mafuta ya kupikia lilikuwa kama linakohoa. Mvua ikinyesha, alisimama mlangoni, akafumba macho, akatega sikio. "La rangi, safu ya nne, limeamka," alikuwa akisema, kisha akichukua ngazi na kwenda moja kwa moja.

Nafaka zilipohamishiwa kwenye maghala mapya nje ya mji, jengo lilibaki tupu miaka sita. Hakuna aliyekumbuka kumdai ufunguo. Basi kila msimu wa mvua alikwenda, akayasikiliza makopo yake, akabadilisha kigae hapa na pale, akafunga mlango, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemtuma.

"Mama," mumewe alimwita asubuhi moja, gazeti likiwa limemfunika uso. Mume huyo ni dereva wa basi mstaafu, na mpaka leo hushika gazeti kwa mikono miwili kama usukani. "Njoo uone. Wamelitoboa paa lako."

Kwenye gazeti palikuwa na mchoro. Lile ghala lingegeuzwa kituo kipya cha usafiri wa mji. Chini yangeingia mabasi ya umeme, pamoja na baiskeli za kukodi na mahali pa kuchaji. Juu kungekuwa na uwanja wa kutua ndege ndogo za abiria wanne, zinazopaa wima na kushuka wima.

"Ndege," alisema Shangazi. "Juu ya vigae vyangu."

"Za umeme. Zinanyanyuka pale pale zilipo, kama inzi."

"Na huu mraba katikati ya paa?"

"Ndiyo uwanja wenyewe."

Shangazi alishika tama. Miaka yote hiyo ameziba matundu ya ukubwa wa punje, na sasa watu wazima, waliosoma wakasomeka, wamekaa mezani wakakubaliana kutoboa tundu la ukubwa wa nyumba mbili.

"Usinune," mumewe alimwambia. "Ukitamani tundu la kuziba, lipo moja chumbani kwetu. Mwaka wa kumi na moja huu linakungoja."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma kwa kuwa lilikuwa kweli. Upande wa mume, kando ya kitanda, lilikaa beseni la bluu. Kila mvua Shangazi aliahidi kupanda, na kila mvua alikuwa ghalani.

"Niambie tu, uliolewa na mimi au na lile ghala?"

"Ghala halikoromi," alijibu Shangazi, akafunga kilemba chake na kutoka.

Alipofika ghalani, alikuta geti jipya na mlinzi aliyemzuia. Lakini juu ya bega la mlinzi aliona lundo la takataka, na juu ya lundo hilo makopo yake yote thelathini na manne.

"Nani amewatupa mashahidi wangu?" alipaza sauti.

Mwenye kujibu alikuwa mhandisi wa mradi, binti mwenye kofia ngumu nyeupe na kompyuta iliyobanwa kwapani. "Samahani, mama. Tulidhani ni uchafu."

"Uchafu! Mwanangu, kila kopo hapo lilikuwa limekaa chini ya ugonjwa wake. Nyinyi mnajua paa hili linavuja wapi?"

Mhandisi aliinua macho darini. Ukweli ni kwamba hawakujua. Walikuwa wamepiga picha, wamepima, wamechora, lakini mvua haikuwa imenyesha tangu waanze, na paa kavu halisemi kitu. "Unaweza kukumbuka yalipokuwa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Shangazi aliokota makopo yote, akayaweka kwenye toroli, akaingia nayo ndani. Baada ya saa moja yote yalikuwa yamerudi mahali pake sakafuni. Mhandisi alimfuata nyuma akiweka alama kwenye mchoro wake, na alipofika kopo la mwisho alikuwa ameshaanza kumwita Shangazi. Wiki iliyofuata fundi huyo alipewa kofia ngumu yake mwenyewe, ya njano. Hata hivyo aliivaa juu ya kilemba, ikawa imekaa kama kifuniko cha sufuria iliyojaa mno.

Uwanja wa ndege ulijengwa kwa akili. Ulikuwa kama meza kubwa ya chuma iliyosimama ndani ya ghala kwa miguu yake yenyewe, isiguse ukuta wa zamani, na uso wake ukatokeza juu kupitia kwenye ule mraba. Shida ilikuwa pale ukingo wa meza ulipokutana na vigae. Mkaguzi wa majengo, mzee mwembamba asiyeachana na mwavuli hata juani, hakuamini kwamba vitu viwili vilivyopishana umri kiasi hicho vingeweza kufungwa pamoja visivuje. Alitaka vigae vyote viondolewe, paa zima liezekwe mabati.

Mhandisi alivitetea vigae. Shangazi hakutetea, alisema tu, "Havitavuja." Mwishowe walikubaliana kwa maandishi. Vigae vingebaki mpaka mvua kubwa ya kwanza. Tone likianguka ndani ya ukumbi wa abiria, vigae vyote vingeshushwa kabla ya kituo kufunguliwa.

"Matone mangapi?" aliuliza Shangazi.

"Moja," alisema Mkaguzi.

"Hata dogo?"

"Shangazi, tone ni tone."

Alifanya kazi miezi miwili kwenye ukingo ule. Alikunja bamba laini la madini ya risasi chini ya vigae, akavipandanisha, akavikagua kwa viganja. Gari la zimamoto lilipoletwa kumwaga maji juu ya paa kwa bomba, maji yalishuka kama yalivyotakiwa, na ukumbini hakukudondoka kitu. Watu walipiga makofi. Mhandisi alimkumbatia mpaka kofia ya njano ikaanguka.

Lakini Shangazi hakuwa na furaha. Siku mbili kabla ya hapo ndege ya majaribio, isiyo na abiria, ilikuwa imeshuka kwa mara ya kwanza. Wote walikuwa wakiitazama ndege kwa midomo wazi, naye peke yake alikuwa akitazama vigae. Aliona vumbi likitoka chini ya vigae na kurushwa juu. Upepo wa mapanga ya ndege uligonga uwanja, ukasambaa pembeni, ukaingia chini ya vigae kama mkono unaopekua mfuko.

"Hilo bomba lenu linamwaga maji yanayoshuka," aliwaambia, makofi yakiwa hayajaisha. "Hiyo ndege ikishuka wakati wa mvua, maji yatapanda."

"Maji yapande?" Mkaguzi alicheka. "Shangazi, hata wewe?"

"Leteni ndege, fungueni bomba, vyote kwa pamoja. Kisha wewe, kaka, simama hapo chini ya kona ya uwanja. Na mwavuli wako uufunge."

Walifanya hivyo, wengine shingo upande. Ndege ilishuka katikati ya maji, vigae vikatetemeka kwa sauti ya meno yenye baridi, na sekunde chache baadaye tone moja, lililonona, lilianguka juu ya karatasi aliyoishika Mkaguzi.

Mhandisi aliziba mdomo kwa mkono. Aliyeruka kwa furaha alikuwa Shangazi.

"Tumemkamata!" alisema akipiga makofi. "Mwizi wetu ndiye huyo!"

Mkaguzi alilitazama tone, kisha akamtazama yeye. "Mama, umejishtaki mwenyewe. Unaelewa?"

"Naelewa. Ulitaka nikufiche?"

Mzee yule aliipangusa karatasi kwa mkono wa shati, bila haraka. "Tuliandika mvua," alisema. "Hili ni bomba. Una wiki tatu kabla ya mvua, Shangazi. Zitumie."

Dawa aliijua: kila kigae katika safu nne za kuuzunguka uwanja kitobolewe matundu mawili na kufungwa kwa waya wa shaba kwenye mbao zake, ili upepo ukija usikute cha kuinua. Vigae vyenyewe vilikuwa elfu mbili na mia tatu. Mafundi wengine walisaidia kutoboa, lakini kufunga alitaka kufunga mwenyewe, kwa kuwa waya ukikazwa sana hupasua kigae na ukilegea haufai kitu.

Siku ya tatu vidole vyake vilivimba. Alirudi nyumbani akashindwa kufungua chupa ya maji. Mumewe aliifungua, akamtazama mikono. Kesho yake asubuhi Shangazi alimkuta mezani, redio ikiimba, amevaa miwani, mbele yake kuna bunda la waya na koleo.

"Unafanya nini, mzee wangu?"

"Nakata. Shibiri moja moja, sivyo? Ukifika kule uwe unafunga tu."

"Nani kakwambia shibiri moja?"

"Miaka thelathini na tatu unaongea usingizini. Unadhani nimebakiza nini nisichokijua?"

Aliukata wote. Vipande vya waya vilionekana kila mahali, kwenye zulia, kwenye mfuko wa koti, hata kwenye mkate, na Shangazi, ambaye angegombana na mtu yeyote mwingine, alivitoa kwenye mkate kimyakimya na kuviweka kando ya sahani. Jioni alipofumba macho alikuwa akipakwa mafuta vidoleni, yale yale ya kuchua shingo.

"Wasipovishusha vigae vyako," mumewe alisema huku akimsugua, "kesho yake asubuhi unapanda juu ya chumba chetu."

"Na wakivishusha?"

"Utapanda hivyo hivyo. Ila nitakushikia ngazi, maana utakuwa huoni kwa machozi."

Kigae cha mwisho alikifunga siku moja kabla ya wiki ya tatu kuisha. Kesho yake, mchana, upande wa reli mbingu ziligeuka rangi ya sufuria kuukuu. Simu zikapigwa. Mkaguzi alifika na mwavuli wake, akaufunga bila kuambiwa. Mhandisi aliwapanga mafundi kando ya ukuta. Juu ya uwanja rubani aliwasha ndege, tayari kuinuka na kushuka mara tu mvua itakapokolea.

Shangazi aliyapanga makopo yake thelathini na manne sakafuni, kila moja mahali pake. Kisha akasikia mlango, akageuka. Mumewe alikuwa ameshuka kwenye basi la umeme la majaribio, ameushika mkongojo kwa mkono mmoja, na kwapani amebeba lile beseni la bluu.

"Hilo la nini?"

"Hujui mtu atakuwa na bahati gani." Alilitua chini ya ile kona ya Mkaguzi, akakaa kwenye benchi jipya kando yake, akalipigapiga kwa vidole. "Usijali. Likirudi nyumbani kavu, nitalitundika ukutani."

Upepo uliingia kwa milango yote miwili, ukileta harufu ya udongo ulioanza kulowa mahali fulani karibu. Juu, vigae havikutikisika. Mhandisi alikuja akasimama karibu na Shangazi, akamshika mkono pale penye uvimbe, kwa uangalifu. Shangazi alifumba macho na kutega sikio.

"Nyamazeni," alisema.

"Hakuna aliyesema kitu," alinong'ona mumewe.

"Unapumua kwa sauti, mzee wangu. Pumua polepole. Inakuja."