Warsame wa Pikipiki ya Maji

Mafuta yaliyotoka kwenye pampu ya pikipiki ya maji yalikuwa meupe. Warsame aliyakinga kwa kikombe cha plastiki, akakiinua kwenye mwanga wa asubuhi, akayatazama kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Hared, fundi wa pampu za mashamba hapa Masalani, alichungulia juu ya bega lake.

"Chai ya maziwa hiyo," akasema Hared. "Tia sukari tunywe."

"Walaal, ndugu yangu, usinicheke leo. Leyla anakuja."

Leyla ni muuguzi wetu. Tangu Mto Tana ufurike na kugeuza vijiji vya ng'ambo kuwa visiwa, yeye huvuka amekaa nyuma ya Warsame kwenye pikipiki ya maji, sanduku la dawa mapajani. Siku hiyo alikuwa anasubiriwa na Saynab, mama mwenye mimba pevu ambaye miguu ilikuwa imevimba na kichwa hakiachi kumuuma. Hakuna mtumbwi wa kasia uliothubutu mkondo ule.

Pikipiki ya maji haina pangaboi la nje. Pangaboi lake limefichwa ndani ya pampu. Huvuta maji kutoka chini na kuyarusha nyuma kwa nguvu, nacho chombo kikaruka mbele. Mhimili wake huzunguka kwenye beringi zinazooga katika mafuta kidogo, na kinachouzuia mto usiingie humo ni sili, pete ndogo ya mpira. Mafuta yakiwa meupe, mto umeshaingia. Beringi zikikwama katikati ya mkondo, utachukuliwa mpaka mamba watakapopenda.

Chombo hicho tuliletewa na wafadhili. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, fulana zikagawanywa. Hakuna aliyekumbuka kuacha sili moja ya akiba, wala kumweleza Warsame kwamba mafuta ya pampu hukaguliwa. Huku kwetu misaada huja na picha nyingi kuliko vipuri. Kisha kinapoharibika, tunaambiwa hatujui kutunza vitu! Wanaosema hivyo wangekuja wamwone Warsame.

Alizaliwa Hadado, kule Wajir, ambako maji huvutwa kisimani na kila ndoo ina mwenyewe. Ukame uliwamaliza ngamia wake mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho, jike aliyempenda, alikata roho kichwa kikiwa magotini pake. Akashuka kwa dada yake Masalani, mtu mzima asiyejua kuogelea, akajifunza pembeni mwa mto huku watoto wakimzomea. Ofisi ya afya ilipotafuta mtu wa kuitunza pikipiki ya maji, vijana wengine waliuliza inakimbia kasi gani. Yeye aliuliza italala wapi.

Tangu hapo anaiosha kila jioni. Huisemesha pia, ingawa hukana.

Asubuhi hiyo tuliivuta nchi kavu juu ya magogo, mimi nao wawili, Hared akaifungua pampu. "Sili imezeeka tu," akasema. "Mchanga wa Tana unatafuna chuma, sembuse mpira."

Warsame aliingiza mkono ndani ya pampu. Vidole vyake vilikuwa nyuma ya pangaboi, vinavuta kitu. Vikatoka na nyuzi za katani zilizojisokota kwenye mhimili na kuukata mdomo wa sili. Aliitambua kamba hiyo. Aliisuka mwenyewe.

Ngamia akiachwa malishoni hufungwa miguu kwa kamba fupi, asiende mbali. Warsame alikuwa akiiacha pikipiki kwenye maji ya kina kifupi, akiifunga mbele, halafu, kwa mazoea ya miaka yake yote, akiifunga na nyuma. Asubuhi alipofungua kwa haraka, ncha za kamba zilibaki zikielea. Injini ikiwaka, pampu inazivuta.

Hared akashusha sauti. "Zitupe mtoni. Sisi tumesema sili imezeeka. Ofisi wakisikia habari ya kamba, wataipeleka Garissa ikalale chini ya turubai."

Alisema kweli. Tulikuwa watatu tu, pamoja nami niliyeshika ndoo. Warsame alizikunja nyuzi kiganjani.

Leyla akafika, viatu mkononi, akamwita Warsame kwa heshima ya ami. "Adeer, tuko tayari?"

"Bado, abaayo, dada yangu."

"Haiwaki?"

"Inawaka."

"Basi twende mara hii moja. Saynab hawezi kungoja. Ukirudi utaitengeneza."

Warsame akafungua kiganja. "Pampu imeingia maji. Kamba yangu ndiyo iliyokata sili. Nilikuwa naifunga kama ngamia. Wewe unakaa nyuma yangu, Leyla. Usikae bila kujua."

Leyla alizitazama nyuzi, kisha ng'ambo.

"Ulidhani itatorokea wapi, adeer? Hadado?"

Hared aliangua kicheko. Warsame naye akacheka, taratibu.

"Ofisini nitaeleza ilivyokuwa," Leyla akaendelea, "na nitaeleza kwamba hakuna aliyekufundisha. Haya, fanyeni kazi."

Hared alimwaga mkebe wake wa sili za pampu za mashamba, akalinganisha namba hadi akapata ya saizi ile ile. Warsame alisafisha pampu kwa mafuta mapya: akatia, akazungusha mhimili, akamwaga, akatia tena, mpaka yakatoka na rangi ya asali. Sili ikakaa. Kisha wakaizamisha pampu kwenye ndoo ya maji, wakachomeka mpira wa pampu ya baiskeli kwenye tundu la mafuta, wakajaza upepo waone kama sili inavuja.

Kiputo kimoja cha hewa kikapanda.

"Hewa ya nje hiyo, ilijificha pembeni," akasema Hared. "Twende."

"Ngoja," akasema Warsame.

Tukangoja, Leyla macho yake ng'ambo, Warsame macho yake ndooni. Kiputo cha pili hakikuja.

Pampu ikarudishwa mahali pake, Warsame na Leyla wakavuka. Leyla alipopanda kwenda kwa Saynab, Warsame aliegemeza chombo kwenye tope, akalegeza skrubu ya tundu la mafuta, akapokea tone kwa kidole. Rangi ya asali. Wakarudi watatu, Saynab katikati, ameshika shati la Warsame kwa mikono miwili. Gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri.

Jioni Warsame aliishika ile kamba, akaenda nayo mpaka nyuma ya pikipiki, akasimama. Akaiweka begani, akatuita. Tuliivuta pikipiki mpaka juu, mbali na maji. Watu wakaondoka. Yeye alitandika mkeka kando yake.

"Huendi nyumbani?" nikamuuliza.

"Leo nalala hapa," akasema, "mpaka nizoee kuiacha bila kamba."