Besi ya Kuamia Ndege

Mwezi uliopita nilirudi Ndandalo, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Nyumba imefungwa tangu tumzike. Shamba lake la mpunga, pale chini ya nyumba, analilima jirani. Amelizungushia utepe wa kaseti, zile tulizokuwa tukizirudisha nyuma kwa kalamu, na upepo wa ziwani ukipita utepe unanguruma chini chini. Ndege wanaukimbia. Siku hizi hahitajiki mtoto.

Zamani, ndugu yangu, mtoto huyo nilikuwa mimi. Mama alifanya biashara ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, anakuja na kuondoka, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu. Mpunga ukianza kutia maziwa nilipanda dunguni, kwenye kichanja cha miti katikati ya shamba, alfajiri na debe bovu, nikapiga kelele hadi saa ya shule, na jioni nikaendelea. Nilikula huko huko, ndizi za kuchemsha na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, na kwa kuwa nilikula huku nikipayuka, kupaliwa kulikuwa jambo la kila siku.

Shida ilikuwa kwaya. Nilikuwa binti wa darasa la tano, naimba sauti ya kwanza katika wimbo wa kukaribisha wageni, na mashindano yaliangukia msimu wa ndege. Mwalimu wa kwaya alisema atakayekaukiwa na sauti atabaki nyumbani. Niliitaka safari ile kuliko sikukuu. Basi nikaacha kelele, nikawa nawaimbia ndege wimbo wetu. Walikula kwa utulivu kabisa. Bibi alipokuta majaruba ya mwisho yamebaki makapi, aliniita nishuke.

"Mwanangu, hawa umewakaribisha," alisema.

Nikarudia kelele. Siku mbili kabla ya mashindano sauti ikaniaga, kikabaki kitu kinachokwaruza chini kabisa ya koo. Nilisimama mbele ya mwalimu nikilia. Akaniambia niimbe hivyo hivyo, akasikiliza, kisha akanipeleka mstari wa nyuma kuimba besi pamoja na wavulana wa darasa la saba. Besi yenyewe ilikuwa neno moja tu, "karibu, karibu", mwanzo hadi mwisho. Siku ya siku, jaji mmoja aliacha kiti chake akaja nyuma kumtafuta mtu mzima tuliyemficha. Alinikuta mimi, miguu njiti, sketi imeshikwa na pini. Tukawa wa pili.

Baada ya mavuno sauti yangu ilirudi nyembamba, na mwalimu akaja nyumbani.

"Shikamoo bibi. Naomba huyu aendelee kuamia ndege."

"Marahaba, mwalimu. Mpunga uko kwenye magunia. Aamie kuku?"

Msimu uliofuata bibi aliupatia wimbo ule kazi nyingine. Akiwa jikoni anapuliza moto, aliimba mstari wa kwanza, "Wageni wetu mmefika", kwa Kiswahili chake chenye ladha ya Kinyakyusa, nami nilipaswa kujibu besi yangu kutoka dunguni, ajue sijalala. Nisipojibu alikuja na fimbo. Nitakuambia jambo ambalo sikumwambia yeye: mara nyingi nilikuwa macho, nikanyamaza makusudi. Kule juu nilikuwa mpweke, na nilijua kwamba akishanikaripia atakaa kidogo, tutafukuza ndege pamoja.

Dungu limeoza. Wavulana wa mstari wa nyuma sijui waliko. Mwezi uliopita nilisimama ukingoni mwa shamba, nimefika mgeni, nikaimba, "Karibu, karibu." Besi peke yake si wimbo. Sauti ya kwanza naijua, lakini kuianza haikuwa kazi yangu. Nikaimba tena, utepe ukinguruma.

Kisha nikanyamaza, makusudi, nikautazama mlango wa jiko.