Jinsi Mama Kandida Alivyoingiza Tela Kambini

Jina lake ni Dativa, lakini hapa Ifakara wanaomwita hivyo ni padri na watu wa zahanati tu. Sisi wengine tunamwita Mama Kandida. Mimi ni mke wa Viktor, na Viktor ni mdogo wa marehemu mume wake. Nimekaa naye uwanja mmoja miaka sita, kisima kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo, kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyaona mwenyewe.

Kwao ni Masagati, mbele ya Mlimba, kule ambako mvua ikikolea gari halifiki. Aliolewa na Beno akiwa na miaka kumi na tisa. Beno alikuwa dereva wa trekta la mtu. Miezi ya kulima alilima mashamba ya watu, na kabla maji hayajakata njia alihamisha familia kuzipeleka kambini.

Kambi kwetu ni pale shambani unapokaa tangu Januari mpaka uvune mpunga. Mashamba yako mbali bondeni, huwezi kwenda na kurudi kila siku, na ndege hawakungoji. Kwa hiyo unahama na godoro, sufuria, kuku, mbegu na miti ya kujengea dungu la kulala na kulindia ndege. Kambi zote ziko kwenye vinundu vya ardhi ambavyo maji hayavipandi. Ya Beno iko bondeni upande wa Mofu, na njia ya kuifikia ni tuta jembamba. Kushoto mfereji, kulia jaruba lililokwisha kulimwa, tope mpaka magotini. Trekta likiingia kwa mbele halina pa kugeukia. Kwa hiyo kila mwaka linaingia kinyumenyume toka njia panda, kama hatua mia mbili, tela mbele na trekta likilisukuma. Mzigo unajaa hadi juu, dereva haoni kitu. Lazima awepo mtu wa kumwelekeza.

Beno alikuwa na tandiboi wa kazi hiyo, lakini tandiboi akawa mlevi. Ndipo akamchukua mkewe.

"Nikamwambia, mimi? Nielekeze trekta?" Mama Kandida alinisimulia zamani, wakati bado alikuwa anacheka. "Akasema, kwani nyumbani huwa hunielekezi? Njoo ufanye hukohuko watu waone."

Alifanya miaka tisa. Hakuwa anapiga kelele za njoo njoo njoo kama matandiboi wengine, maana injini inameza sauti yote. Alisimama nyuma ya tela, upande wa kushoto, pale anapoonekana kwenye kioo. Kioo chenyewe kilikuwa cha pikipiki, Beno alikifunga kwa waya. Aliinua mkono wa kulia na kuonyesha tu makalio ya tela yaende wapi. Tela lina ubishi wake, ukitaka liende kulia usukani unakatwa kushoto, lakini hiyo ilikuwa hesabu ya Beno. Yeye alionyesha, Beno aligeuza.

Beno alifariki mwezi wa kumi. Aliugua siku nne.

Mama Kandida hakulia. Watu waliliona hilo, na wengine walilisema. Siku ya tatu ya msiba nilimkuta jikoni ameshika mwiko, uji unaungua, moshi umejaa, naye anautazama. Nikaepua. Nikamuuliza, "Dada, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote," akasema. "Ndiyo hivyo. Siumwi popote."

Alikuwa anaoga, anakula akiwekewa, anamsuka Kandida nywele. Ukimpa mtoto ambebe anambeba. Ukisahau kumchukua, anaendelea kubeba.

Siku ya kuanua tanga, baba mkwe wetu, Mzee Sebastiani, akakalisha watu. Akasema kambi ya Beno na ekari zake tatu haziwezi kukaa bila mtu, maji yakija na mwenyewe hayupo pale, wenye ng'ombe wataingiza mifugo. "Mama Kandida akiweza kuingia kambini mwenyewe kabla njia haijakatika, alime. Akishindwa, Viktor ataingia, na yeye tutamrudisha kwao Masagati kwa heshima."

Viktor alikuwa anatazama miguu yake. Mimi nilikuwa namnyonyesha mwanangu Evod. Nilijua kwamba akishindwa, shamba ni letu. Siwezi kusema sikulifikiria. Nilifikiria, halafu nikamfunga Evod mgongoni na kwenda kumsaidia kufunga mizigo.

Mwenye trekta alituletea dereva mpya, Fredy, kijana wa Mlimba, msemaji. Tulifika njia panda saa nne asubuhi. Mawingu yalikuwa mazito upande wa milima na mfereji ulikuwa umejaa nusu.

"Mama, wewe nipungie tu," Fredy akasema. "Mimi hata usingizini narudisha tela."

"Ufuate mkono," Mama Kandida akasema. Basi. Hayo tu.

Kwenye kambi ya jirani alikuwepo Kija, mama wa Kisukuma, anafua. Akapaza sauti, "Eeh, mnahama au mnaleta gulio? Kuku mpaka juu ya godoro!"

Mama Kandida akaenda nyuma ya tela, akainua mkono. Trekta likaanza.

Nilitembea pembeni na Evod. Mwanzo kulikwenda vizuri sana. Mkono ulikuwa unasogea kidogo, tela linasogea kidogo, kama wanavutana kwa uzi. Tulipita nusu ya njia. Ndipo nikasikia kengele ya baiskeli. Mzee Sebastiani alikuwa anakuja kwa upande wa kambi, anakokota baiskeli, Viktor nyuma yake. Walikuwa wametangulia kambini ili waone.

Kwetu mkwe wa kike hamwamkii baba mkwe akiwa amesimama. Unapiga goti, unatazama chini, unasubiri uitikiwe. Hufikirii. Miguu yenyewe inakunja. Mama Kandida aligeuka, akamwona mzee, akashusha mkono, akapiga goti palepale kwenye tuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za..."

Tela halikusimama. Nikapiga kelele, Fredy hakusikia. Mama Kandida alijitupa upande wa jaruba, na gurudumu la upande wa pili likatoka kwenye tuta na kuzama mferejini. Tela likalala. Gunia moja la mbegu likaporomoka majini, na kuku wakalia wote kwa pamoja.

"Mmeshaanza kuvua!" Kija akaita. Halafu alipoona lilivyolala akaacha kufua, akaja na jembe.

Fredy aliruka chini. "Mama, mbona umepotea kwenye kioo?"

"Nilikuwa naamkia."

"Sasa mimi nikaona hakuna mtu, nikajua pako wazi! Ukipotea mimi nifanyeje?"

Mama Kandida alimtazama, tope linachuruzika kwenye kanga. "Usiponiona, simama."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia," akasema. "Beno sikuwahi kumwambia."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

Tulishusha nusu ya mzigo. Kija alichimba, Viktor akatandika miti na nyasi chini ya gurudumu, trekta likavuta mara tatu, mara ya nne tela likapanda. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza. Tukapakia tena. Tulipomaliza, Mzee Sebastiani akasema, "Viktor. Kaa nyuma uelekeze wewe."

Kila mtu alielewa. Viktor akielekeza, Mama Kandida hajaingia mwenyewe.

Mama Kandida akapiga goti tena kwenye tope. "Baba, naomba mara moja."

"Na ukilitumbukiza?"

"Nitapanda hilohilo trekta nirudi kwetu."

Hakulia wala hakubembeleza. Mzee alimtazama kichwani muda mrefu, maana uso haukuonekana. Kisha akageuza baiskeli, akatembea mpaka kwenye kinundu cha kambi, akasimama katikati kabisa, pale pale tela linapotakiwa kukaa. Sijui kama alifanya makusudi. Mpaka leo sijamuuliza, na nani atamuuliza?

"Kule mwishoni pana utelezi," Fredy akasema kwa sauti ya chini, hana masihara tena. "Nikianza sisimami mama. Nikisimama pale tunazama wote."

"Usisimame," akasema. "Labda usiponiona."

Akaenda nyuma. Mkono ukainuka.

Safari hii nilibaki palepale tulipokwama, nikaona kwa mbali. Mvua ilikuwa inampiga usoni, hakuwa anajifuta. Alikuwa anarudi nyuma hatua kwa hatua, uso kwa kioo, mgongo kwa mzee. Mkono kulia kidogo. Nyoosha. Kulia. Pale tuta lilipobomoka tela likayumba, nikashika miguu ya Evod mpaka akalia, lakini mkono wa Mama Kandida haukutikisika na tela likapita.

Zikabaki kama hatua ishirini. Mzee alikuwa bado amesimama katikati ya kambi, ameegemea baiskeli.

Viktor alinihadithia jioni alichosikia, maana yeye alikuwa karibu. Kila mtu alitegemea ageuke, apige goti, aombe. Angepiga goti angepotea kwenye kioo, Fredy angesimama, na tela lingezama kwenye utelezi. Mama Kandida hakugeuka. Alisema akiwa amesimama wima, mgongo kwa baba mkwe wake, mkono juu:

"Baba, sogea."

Mzee hakusogea.

"Baba, toka hapo. Tela linakuja."

Viktor anasema hajawahi kumwona baba yake akiwa na uso wa namna ile. Anasema hata yeye aliogopa akatamani kumshika shemeji yake mabega amkalishe chini kwa nguvu. Lakini tela lilikuwa linakuja kweli, injini inanguruma, na yule mwanamke anarudi nyuma bila kupunguza, atamgonga kwa mgongo wake. Mzee Sebastiani akainua baiskeli, akapisha. Mimi kwa mbali niliona tu kofia yake ikihama pembeni.

Tela likapanda kinundu. Mkono ukafungwa ngumi. Fredy akazima.

Nilikimbia. Nilipofika mvua ilikuwa inapiga juu ya mabati yaliyolala kwenye mzigo. Mzee alikuwa anafuta kiti cha baiskeli kwa kiganja, na mvua inakilowesha tena, naye anafuta tena.

"Viktor," akasema mwishoni.

"Naam baba."

"Shusha miti ya shemeji yako. Dungu lisimame kabla giza halijaingia."

Viktor akanitazama mimi kwanza. Nikamtazama Evod. Akapanda juu ya tela, akaanza kushusha, na mzee akaondoka bila kuaga, anakokota baiskeli kwenye tuta lililokwisha kuchimbika. Mama Kandida hakupiga goti kumuaga.

Alikuwa bado amesimama mahali pale, mkono juu, ngumi imefungwa.

"Dada," nikasema, "trekta limezimwa."

"Najua."

Nikaushika mkono, nikaushusha. Ulikuwa mzito na baridi, kama kitu nilichopewa nishike. Nikamuuliza kama amefurahi. Nilikuwa sina swali jingine.

Akafikiri kwa bidii, niliona anafikiri, kama mtu anayetafuta kitu kabatini gizani.

"Bado," akasema. Kisha akauliza Evod amenyonya saa ngapi, na gunia lililolowa liko wapi, zile mbegu zianikwe mvua ikikatika.