Idi Niliyoifunga

Idi hii nilipanda kijijini kwetu Chilangala kutoka Masasi kwa bodaboda, tope likinirukia baibui jipya, na ruhusa ya siku moja mfukoni. Mimi ni muuguzi, na hospitali haifungwi eti kwa sababu mwezi umeandama. Nilipoingia uani nikamkuta mama anapakua pilau, harufu imeshafika barabarani, nikajikuta nacheka peke yangu. Nilikuwa nimeikumbuka Idi niliyoifunga. Ndiyo, ndugu yangu, umesikia vizuri: niliifunga Idi.

Utotoni mwangu Idi ilikuwa ikiangukia msimu wa korosho. Kama hujawahi kufunga shambani msimu huo, usiniambie unajua mtihani. Mabibo ya mikorosho yameiva, yametapakaa chini, na kazi yetu watoto ni kuyaokota na kuzinyonga korosho zitoke. Maji yake matamu yanakutiririka mpaka kwenye viwiko, na wewe umefunga! Mwaka ule ndio nilifunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, na mama aliniahidi kwamba siku ya Idi atashinda nyumbani, tule pilau sahani moja. Ahadi hiyo ndiyo iliyonivusha. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji, na Idi iliyotangulia tulikuwa tumekula bila yeye.

Pale zahanati walikuwa wauguzi wawili tu, mama na mwenzake Mkristo. Baada ya Idi ile wakawekeana makubaliano: Krismasi na Pasaka mama anashika zamu, Idi anashika mwenzake. Safari hii wakapangana Jumatano, maana kijiji kizima kiliapa kwamba mwezi utaonekana Jumanne. Jumanne jioni tukasimama barabarani, shingo juu, tukaambulia mawingu. Redio nayo ikasema kesho ni kufunga. Basi Jumatano mama akashinda nyumbani bure, na jioni yake mwenzake akaondoka kwenda Chiwata harusini kwa mdogo wake. Alhamisi, Idi yenyewe, mama akavaa gauni lake jeupe la kazi.

"Mwenzangu kashanishikia zamu," alimwambia bibi. "Nitamwambia nini, kwamba mwezi umenidanganya?"

Nililia mpaka kwikwi. Tukaenda kuswali, tukarudi, bibi akapakua, nami nikasukuma sahani.

"Sili mpaka mama aje."

"We mtoto! Kufunga siku ya Idi haramu!"

Alinibembeleza kwa kalimati, kwa tambi, kwa paja la kuku. Wapi! Mwisho akafunika sufuria kwa hasira, akaifunga kanga, akajitwika. "Haya, twende huko kwa mama yako kabla hujanitia dhambini." Kijiji kizima kilitoka kututazama: bibi mbele na sufuria kichwani, sisi wajukuu nyuma na nguo zetu mpya, bado zina mikunjo ya dukani.

Tukamkuta mama yuko ndani na mwanamke mwenye uchungu. Tukakaa kwenye benchi la nje, tukangoja. Bibi hakuweza kukaa na sufuria mbele ya watu wenye njaa, akaanza kuwapakulia waliokuja kuuguza, Mwislamu na Mkristo, huku akiwapa mkono wa Idi. Mimi nilikumbatia sahani yangu na mama, nikimeza mate. Jua lilikuwa limeshapinda tuliposikia kitoto kinalia, na punde mama akatokea, jasho tele, ananuka dawa.

"Bibi yako anasema umefunga Idi."

"Nilikuwa nakungoja."

Alinawa, akaketi, akafinya tonge na kunitia mdomoni. Pilau ilikuwa imepoa, mafuta yameganda, na mpaka leo sijala tamu kama ile. Tulikula matonge machache tu, akaitwa ndani tena. Lakini nilikuwa nimepata changu, nikarudi nyumbani naruka.

Zahanati ile ilivunjwa, pakajengwa jengo jipya lenye viti vya plastiki. Siku hizi habari ya mwezi tunaipata kwenye simu, hakuna anayesimama barabarani kuumiza shingo. Bibi tumeshamzika. Mama naye amestaafu, yuko nyumbani Idi zote, kutwa nzima, na hana anachokitaka zaidi ya mimi kukaa.

Mwaka huu tulikuwa hata nusu ya sinia hatujafika, simu ya wodini ikaita. Alikuwa msimamizi wetu: muuguzi wa zamu ya jioni ameugua, nihurumie, njoo. Nikamtazama mama kwa aibu.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Mimi si nilikuwa nakwenda?"

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini nilipogeuka nikiwa juu ya bodaboda, nilimwona bado amekaa mbele ya sinia letu, na hapo ndipo nilipomlilia bibi. Angekuwepo, sasa hivi angekuwa anatafuta kanga ya kufungia sufuria.