Nilitafuta Buhembe nikiwa Ngenge

Leo nimemwaga Kiingereza kingi bure.

Niliitwa kituo cha Ngenge kama fundi wa kompyuta, mfumo wa kupokelea kahawa umegoma na wakulima wamekaa juu ya magunia yao.

Nikafungua laptop nisome mafaili ya kumbukumbu za mfumo, nione kosa. Programu haikuleta hata faili moja.

Nikazima, nikawasha. Masaa mawili namweleza Mama Koku, karani wa pale, mambo ya seva. Kwa Kiingereza, jamani.

Akavaa miwani, akainama.

"Mwanangu, hapo juu pa kutafuta umeandika Buhembe. Sisi ni Ngenge."

Buhembe ni kituo nilichofanyia kazi jana, neno likabaki pale.

Nikafuta neno, mafaili yakajaa.

Wa kuniita nshomile, msomi wa kujidai, foleni ianzie hapa.

Mama Koku akanipa kahawa ya kutafuna. "Chukua, mdomo upate kazi nyingine."