Jua la Asubuhi Lilikuwa la Kakao

Kituo changu cha kulelea watoto kiko Ipinda, wilayani Kyela, kwenye nyumba ya kupanga, na uwanja tunagawana na mama mwenye nyumba. Kugawana ni maneno tu. Kukipambazuka bila mvua, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutandika mikeka na kuanika kakao uwanja mzima, mimi nikabaki na watoto ndani kama kuku wa kisasa. Saa sita, jua likianza kuunguza, aliizoa kakao na kuiingiza kivulini, kwa sababu ikiwa bado mbichi na ikakaushwa kwa pupa huchachuka. Hapo ndipo uwanja ulikuwa wetu, saa ambayo hata mbwa hatoki.

Jambo hilo lilinikera, ila nilinyamaza, maana nyumba ni yake. Kilichonifungua mdomo ni mtoto mmoja wa miaka miwili, ambaye mama yake humleta alfajiri akienda kwenye mpunga na kumchukua jioni. Miguu yake ilikuwa imeanza kupinda. Kliniki walisema ni matege, wakampa dawa, wakasisitiza apate jua la asubuhi, mikono na miguu wazi, na mchana akae kivulini. Mama yule alinieleza huku analia. Jua la mwanawe lilikuwa mikononi mwangu, nami sikuwa nalo.

Nikamwendea mama mwenye nyumba. Akasema kakao ndiyo inayomlisha, na watoto wa Kyela wamekua tangu zamani bila kuanikwa. Hasira zikanipanda.

"Mama, kakao unaiingiza ndani isiungue, na saa hizo ndipo unanipa uwanja nitoe watoto. Huyu mtoto hata thamani ya kakao hana?"

Niliondoka nikijua nimeharibu, nikaanza kuwaza nitahamia wapi.

Kesho yake mikeka ilikuwa palepale, uwanja mzima. Nikajiandaa kugombana tena. Lakini yeye akaniita, akataka nimletee yule wa miguu. Akamvua suruali, akamkalisha pembeni ya mkeka, akampa kazi ya kugeuza kakao kwa mikono. Wenzake wakalilia kazi hiyohiyo. Akawapokea wote, akiwafokea wasitie punje mdomoni.

Nilikuwa nakoroga uji niliposikia naitwa.

"Mwalimu, hawa jua limewatosha. Njoo uwatoe."

Nilipotoka, alikuwa ameshambeba yule mtoto anampeleka kivulini. Kakao bado ilikuwa juani.