Jasho la Miche

Juzi, mvua ikinyesha, nilimwona jirani yangu hapa Kombani akikunja maturubai ya banda lake la miche ili upepo upite. Nilisimama nikimtazama hata akaniuliza kama nina shida.

Nilipokuwa mdogo, mama naye alikuwa na banda la miche ubavuni mwa jiko, na ndani yake miche ya nyanya. Mbegu nyingine hatukuwa nazo. Masika yalipoleta baridi, miche ikaanza kuinama. Mama akaitunza kama wanavyotunzwa mzazi na kichanga chake ndani ya siku arobaini: akaziba kila upenyo kwa magunia, akatia jiko la makaa, akafukiza ubani.

Alasiri ile niliingia naye. Mlinuka ubani na udongo uliovunda. Nailoni iliyofunika miche ilikuwa imejaa matone, yakidondoka polepole. Nilifurahi mno, maana nilijua mtu mwenye homa akitoka jasho ndipo anapopona.

"Mama, imetoka jasho! Imepona!"

"Inshallah, mwanangu," alisema, huku akiinua mche mmoja kwa kidole. Ukalala tena. Shina lake lilikuwa limelainika kama uji.

Leo najua kwamba unyevu ule ndio uliokuwa ukiiozesha, na kwamba ilichotaka ni hewa tu. Siku ile hatukujua, si mimi wala yeye. Mlangoni palikuwa pamesalia tundu moja, upepo wa baharini ukipenya. Mama akavua mtandio wake, akaliziba.